Tulikodi fundi wa ndafu Krismasi, Kibosho: nyota nne kwa tano

Kwa wale wenzangu mnaopanda Moshi kila Desemba na mnaujua mziki wa kulisha ukoo mzima, hii ni tathmini yangu ya fundi wa ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, tuliyemkodi Krismasi hii. Kwa kifupi mkodini, ila mbaneni kwenye muda.

Mbuzi alikuwa wetu wa zizini, fundi tukamlipa 120,000 ufundi na viungo. Hela ilichangwa kwenye grupu la ukoo, na binamu aliyeandika "natuma jioni" tangu Novemba ndo huyo huyo aliyerudia sahani mara tatu, Mungu ambariki.

Tulikubaliana aje saa kumi na moja alfajiri, akatokea saa moja na nusu kwenye bodaboda na kiroba chake, hata pole hakusema. Ila akishaanza kazi unasamehe. Mbuzi habanduliwi hata mguu, anachunwa mzima, halafu fundi anamchoma vishimo vidogo kwa ncha ya kisu kwenye mapaja na mabega, anasindilia kitunguu saumu na tangawizi kwa kidole, anampaka limao na chumvi mpaka ndani ya mbavu, anamfunga kwa waya kwenye chuma. Moto hataki wa kuwaka, anataka makaa, na anageuza taratibu masaa manne matano. Sasa si unajua nyumbani kwetu kila baba mdogo ni injinia, mara sogeza kulia mara ongeza kuni, jamaa akawaambia tu kwa adabu, "Wazee wangu shikamooni, mbege iko kule mgombani." Wakaondoka wote kwenda kwenye pombe yao ya ndizi! Kwa hilo peke yake nampa nyota moja.

Supu ya kisusio, ile ya damu ya mbuzi, walijipikia wazee wenyewe pembeni, hiyo hawamwachii mgeni.

Ndafu akaletwa amesimama kwa miguu yake minne kwenye ubao, rangi ya kahawia inang'aa mafuta, karoti mdomoni, na kuna mtu kamvalisha miwani ya jua. Mtoto wa dada akajificha nyuma ya bibi, "Bibi mbona huyu mbuzi ananiangalia?" Tukacheka mpaka mbege ikamwagika. Baba mkubwa hakucheka, yeye kashasimama karibu na kidari kama askari wa benki, maana kwetu nyama ina wenyewe na hataki kusikia habari za ndafu kuliwa kiholela.

Halafu sala. Baba mkubwa akashukuru uzima, mvua, dereva wa basi aliyetutoa stendi ya Magufuli, Dar, mpaka Moshi salama, wajukuu mmoja mmoja kwa majina, akaanza na waliofaulu mitihani, nyama inapoa, mpaka bibi akakata, "Amina, Mungu kashasikia." Amina ile iliitikiwa na kijiji kizima nadhani.

Lakini kilichonigusa mimi ni mama na mashangazi. Miaka yote Krismasi wao wako kwenye moshi, wakija kukaa zimebaki mifupa na ndizi za baridi. Mwaka huu wamepika mtori na kiburu (ndizi na maharage) tu, saa nane wamekaa kwenye viti, wamejipaka mafuta, wanakula nyama ya moto, wao wa kwanza kabla ya wageni. Mama mikono ilikuwa haijui ikae wapi, mara anainuka anaosha sufuria safi, shangazi anamvuta gauni "kaa chini wewe". Akala, akasema asante mwanangu, yaani niliiona ile 120,000 ndogo.

Kasoro nyingine: tangawizi ilizidi, na paja moja karibu na mfupa lilikuwa bado bichi, ila aliliona mwenyewe akalikata akalirudisha kwenye makaa bila ugomvi. Kachumbari na ndimu za mezani hazimo kwenye bei, sisi tulikurupuka kutafuta nyanya sikukuu yenyewe, kwa hiyo ulizeni mapema. Majivu na waya katuachia uani.

Mkitaka fundi kama huyu msisubiri wiki ya Krismasi, wanakuwa wameshachukuliwa na maharusi yote ya Moshi. Sisi advansi ya mwakani tumeshampa, na safari hii tumemwambia aje kulala huku huku.