QGIS kwa mpima mashamba wa Arusha na Moshi: bure, imara, ila koodineti zisimamie mwenyewe

Kwa anayeanza kazi ya ramani za kompyuta, programu ya QGIS inatosha kabisa. Haidai leseni, na inakubali Windows, Mac na Linux. Pakua toleo la LTR, lile linalotunzwa kwa muda mrefu. Faili lake la Windows linazidi GB 1, kwa hiyo andaa bando. RAM ya GB 8 inaiendesha vizuri. Kwa GB 4 picha za setilaiti zitakuchosha.

Ndani yake kila kitu ni tabaka (layer), yaani karatasi ya data inayolazwa juu ya nyingine. Bikoni ya kiwanja ni nukta, mto Themi ni mstari, kihamba cha Kibosho ni poligoni, na kila umbo lina jedwali lake: mwenye shamba, zao, ukubwa. Mwinuko wa Kilimanjaro huja kwa vigae, miraba midogo iliyopangwa kama sakafu. Data ya SRTM, vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa kwa rada kutoka angani Februari 2000, ina vigae vya kama mita 30, na kila kigae kimebeba namba moja tu ya mwinuko. Usitegemee kuuona humo mfereji wa upana wa mita 1 unaopita kwenye migomba.

Panapoangusha wengi ni koodineti, namba zinazoonyesha mahali. Katikati ya Arusha ni karibu longitudo 36.68, latitudo -3.37. Sahau alama ya kutoa, nukta inahamia Kenya, mashariki ya Ziwa Turkana. Ukiiweka alama hiyo, lakini latitudo ukaipeleka kwenye safu ya X, ambayo ni ya longitudo, unajikuta kwenye bahari ya Mediterania. Makosa hayo ni makubwa, yanaonekana papo hapo. La hatari ni dogo: ramani za zamani za topografia za 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa koodineti wa Arc 1960, wakati GPS ya simu hutoa mfumo mwingine, WGS 84. Ukipachika lebo ya mfumo mmoja kwenye data ya mwingine, mashamba yote yanasogea takriban mita 300. Hapo umempa mtu shamba la jirani, na QGIS haisemi neno.

Ndiyo maana amri mbili zisichanganywe. Set Layer CRS (CRS ni mfumo wa koodineti) inabadilisha lebo tu, kama kuandika "mchele" juu ya gunia la mahindi. Itumie pale faili lilipokuja bila lebo na una hakika lilipimwa kwa mfumo gani. Reproject Layer ndiyo inayokokotoa koodineti upya na kutoa tabaka jipya. Kwa Arusha mjini na Moshi geuzia EPSG:32737, namba ya mfumo wa UTM (unaoigawa dunia kwa kanda) kanda ya 37 kusini, inayopima kwa mita. Kanda hiyo inaanzia longitudo 36. Ukitoka Makuyuni kwenda Mto wa Mbu unauvuka mpaka wake, kwa hiyo kazi ya Karatu ni EPSG:32736.

Jaribu kwa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo. Ukichora bafa (ukanda wa umbali uliochagua kuzunguka umbo) ya 60 kando ya Themi tabaka likiwa bado kwenye digrii, bafa itafunika Afrika nzima. Kabla ya kubonyeza, soma kipimo kilicho kando ya kisanduku cha umbali. Kikiwa degrees, rudi ukageuze tabaka kwanza.

Kuhifadhi nako kuna mtego. Shapefile, muundo wa kuhifadhi data za ramani, si faili moja: .shp, .shx na .dbf lazima ziende pamoja, na .prj ndiyo inayobeba mfumo wa koodineti. Anayetuma .shp peke yake WhatsApp ametuma maumbo bila jedwali wala mfumo. Tena vichwa vya safu hukatwa kwenye herufi 10, hivyo jina_la_mmiliki linabaki jina_la_mm. Hifadhi kwa GeoPackage: faili moja, tabaka nyingi, majina marefu hayaguswi.