Kutafuta spea kwa picha ya simu: uzoefu wangu dukani Malindi

Niko na duka la spea hapa Malindi, mambo ya pampu, beringi, fitingi za maji na vikorokoro vyengine, na kwa muda sasa natumia hizi programu za kutambua picha kwa kazi za duka. Watu waniuliza sana kwa WhatsApp so naandika hapa mara moja. Kujua kitu ni nini na kusoma maandishi, ziko vizuri mno. Kwa saizi ya kitu, kipimo chake, usiziamini hata kidogo.

Wateja wangu wengi hawaji na jina la kitu. Fundi atoka kwenye mavila ya Casuarina ameshika kidude kimeliwa na kutu chote, asema "boss nipe kama hii", wengine hata hawaji, warusha picha tu halafu wapiga simu "umeona? iko?" Zamani kazi ilikuwa kumpigia muuzaji Mombasa nianze kumweleza, ni ya mviringo, ina mabawa ndani, imetoboka katikati, na huyo wa Mombasa naye ana foleni ya wateja mbele yake. Siku hizi napiga picha, Google Lens yaniletea vitu vinavyofanana na majina yake, najua kumbe hii ni impela, hii ni mekanikal sili, nikiagiza naitisha kitu kwa jina lake. Hata ingekuwa ni hilo tu mie ningeendelea nayo.

Halafu kuna mambo ya Waitaliano. Hawa tuko nao tangu enzi za kituo chao cha anga cha San Marco kule Ngomeni, na vitu vingi vya nyumbani kwao vimeandikwa kwao. Kitabu cha pampu ya swimming pool ni Kitaliano mwanzo mwisho, waelekeza kamera, maandishi yageuka hapo hapo. Mie nachagua Kiingereza, mafundi wote tushazoea majina ya spea kwa Kiingereza.

Kinachotusumbua zaidi ni chumvi. Mota zinazotoka Gongoni na Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, kile kibati cha maelezo ya mota kikifika dukani hakina rangi, zimebaki alama za kugongwa tu na kamera haioni kitu. Dawa yake: paka chaki, futa juu juu kwa kitambaa, ule unga ubaki ndani ya herufi, piga picha kwa ubavu sio mbele moja kwa moja. Volti, kilowati, namba ya modeli, zote zasomeka. Na usiweke kitu juu ya leso yenye maua ukapiga picha, app itashika maua, weka juu ya katoni tupu.

Sasa saizi. Kuna app moja ya kulipia, jina naliacha, tangazo lao lajigamba eti piga picha ya beringi upewe namba. Nimeipa beringi ya namba 6203 iliyofutika namba, ikanijibu 6204 bila hata kusitasita. Ukiziona kwa picha hizo mbili ni pacha, lakini 6203 tundu lake ni milimita 17 na kwa nje 40, 6204 ni 20 kwa 47, hiyo ya pili haiingii kwa ile mota hata uigonge na nyundo mpaka magharibi. Mpwa wangu anayesomea kompyuta alinielewesha, picha yenyewe haina kipimo ndani yake, kidogo kikiwa karibu na kamera na kikubwa kikiwa mbali vyatoka sawa. So kwangu venia, kile kipimo cha milimita, iko pale pale kaunta na haendi mtu na beringi haijapimwa.

Na hizi programu hazisemi sijui, hiyo ndio tabia yake mbaya. Zimelishwa mamilioni ya picha, kitu kisichokuwa kwenye zile picha kwa wingi zakisia. Hiyo hiyo ya kulipia tuliipa mbuzi ya kukunia nazi, ikasema ni kiti cha mtoto cha kukunja. Wanawake waliokuwa dukani walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Kuhesabu stoki kwa picha nako nimejaribu. Mabomba ya PVC yakipangwa vizuri midomo ikatazama mbele, yahesabika safi kabisa, nimerudia kwa mkono yakatoka sawa. Elbo na tii zikiwa zimemwagwa kwa boksi, sahau, yahesabu za juu tu, zilizofunikwa itazionaje? Risiti za wauzaji zilizochapwa zaingia Excel kwa picha bila shida, na hizi za eTIMS, mfumo wa risiti wa KRA, zina QR kodi waskani tu. Zilizoandikwa kwa kalamu, moja na saba zabadilishana, hapo naingiza mwenyewe kwa mkono.

Kuna jamaa alikuja kuniuzia kamera za kutambua sura, ati mteja sugu wa mikopo akiingia simu yalia. Nikamwambia sitaki. Sheria ya kulinda data iko tangu 2019, na 2023 kamishna wa data aliipiga shule moja faini ya 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Mie nikusanye sura za watu wa Maweni na Shella kwa sababu ya deni la koki? Daftari latosha.

Gharama: Lens ni bure, ile ya kulipia nishaikata. Bando yaenda kiasi ukipiga picha kubwa, mie napunguza saizi ya picha kwenye kamera kwanza. Ile programu yangu ya kuhesabia mabomba yataka mtandao, kama kuna aliye Lamu au Kilifi ametumia inayofanya kazi bila intaneti naomba jina lake, huku mtandao ukipotea wapotea na wateja wakiwa wamejaa kaunta.