Pampu haikuwa na kosa: uzoefu wangu na fundi wa kupima mitambo kwa kompyuta, Tanga

Nina kijiko kimoja, yaani mtambo wa kuchimbia, cha tani 20, mtumba wa Japani, mita yake imeshapita masaa 9,000. Kinachimba na kupakia mawe ya chokaa huku upande wa Amboni, na ndicho kinacholisha nyumba mbili, yangu na ya opereta wangu. Naandika kwa ajili ya mwenye mtambo mwenzangu ambaye sasa hivi amesimama kando ya mashine iliyogoma, na fundi anamhimiza atume hela Dar ya sensa, kile kifaa kidogo kinachopima presha au joto na kuipasha habari kompyuta ya mashine.

Ugonjwa ulianza hivi. Asubuhi mashine safi. Ikigonga saa tano, kazi imekolea, taa ya injini inawaka, resi (kasi ya injini) zinaanguka, bumu, ule mkono mkubwa, linanyanyuka kwa kujivuta. Ukizima ukasubiri kidogo, ukawasha, imepona. Baada ya nusu saa yaleyale.

Fundi wa kwanza alikuja na kifaa kidogo cha kusomea namba za hitilafu, akakuta namba ya presha ya mafuta kwenye reli, bomba linalogawia nozeli mafuta, akasema sensa imekufa. Nikanunua kwa shilingi 480,000. Siku mbili nzuri, ya tatu tukarudi palepale. Wa pili hakupima chochote. Alisikiliza injini tu, akasema pampu ya mafuta imechoka, niandae milioni sita. Kwa mwenye mashine moja hizo ni ada za watoto na marejesho ya mkopo kwa pamoja. Sikulala.

Huyu wa tatu nilielekezwa na dereva wa lori. Anakaa mjini, anafuata mashine ilipo. Alichelewa, aliahidi saa mbili akafika saa nne na nusu, na hilo nilimwambia. Lakini tangu aliposhuka kwenye pikipiki nikaona tofauti. Hakufungua kompyuta. Alimwita opereta pembeni, akamuuliza: inaanza ikiwa na moto au hata baridi? Ukiwa unatembea au unachimba? Nani aliwahi kugusa waya? Kisha akapima betri, mbili za volti 12 zilizoungwa kutoa 24, injini ikiunguruma akapata 27 na kitu. Akakaza vichwa vya betri, akasema umeme ukiwa mbovu kila sensa itasema uongo.

Ndipo akachomeka kompyuta. Zilikuwemo namba tatu, siyo moja: presha ya oili, presha ya hewa ya tabo (kile kinachosukumia injini hewa), na presha ya mafuta kwenye reli. Aliziandika kwenye karatasi, akazifuta zote, akamwambia opereta apige kazi, maana namba nyingine ni za zamani na anayetibu namba za zamani anatibu historia.

Nimejifunza hapo jambo ambalo ningelijua mapema ningeokoa hela. Kwenye injini hizi namba ina vipande viwili. Cha kwanza kinasema wapi: 100 ni presha ya oili, 102 hewa ya tabo, 157 reli ya mafuta, 110 joto la maji. Cha pili kinasema namna gani: 3 ni volti imezidi, 4 volti imeshuka, 5 njia ya umeme imekatika. Ila 1 ina maana sensa ni nzima na presha yenyewe ndiyo iko chini mno. Ikiwa ni ya oili, zima injini papo hapo. Zangu zote tatu zilikuwa na 4. Kumbe tangu siku ya kwanza mashine ilikuwa inalalamikia umeme, na sisi tunanunua vipuri.

Hata hivyo hakuidharau ile ya oili. Alifunga geji ya mkono kwenye injini, akahakikisha presha ipo ya kutosha, ndipo akaendelea. Kwa hilo pekee nampa heshima yake.

Opereta akachimba, kompyuta ikichora mistari mitatu. Saa sita kasoro, mistari yote mitatu ikaanguka kwa pamoja, sekunde ileile. Fundi akanigeuzia kioo: "Mama, angalia. Pampu ya mafuta, tabo na pampu ya oili haviwezi kufa sekunde moja. Vinakula sahani moja." Sahani yenyewe ni waya wa volti 5 unaotoka kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, kwenda kuzilisha sensa zote tatu. Akapima kwenye soketi: volti 1.8. Akachomoa sensa moja baada ya nyingine, kwa sababu sensa moja ikipiga shoti inawavuta wenzake chini. Zote nje, bado 1.8. Basi sensa zote nzima, hata ile niliyoitupa kwenye kopo la vipuri. Akaanza kutikisa mkanda wa waya kidogo kidogo, na nyuma ya injini, pale unapopita chini ya kibano cha chuma, mita ikaruka kwenye 5.

Alipofungua tepu tukaona. Mtikisiko ulikuwa umesugua ngozi ya waya hadi shaba ikawa inagusa chuma. Na sentimita chache pembeni palikuwa na tundu la pini, mtu alichoma waya ili apime, akauacha wazi. Shaba imegeuka kijani. Pwani yetu hii chumvi iko hewani, waya uliotobolewa haumalizi msimu. Alikata sehemu iliyooza, akaunga kwa risasi, akavika mpira wa kubana kwa moto, akahamisha njia ya waya mbali na kibano.

Nilimlipa 300,000 na nauli 40,000. Kasoro nyingine: ripoti ya maandishi hakunipa mpaka nilipodai, na kompyuta yake haiwezi kuingiza namba za nozeli mpya kwenye aina yangu ya injini. Kwa kazi hiyo mtafute mwingine.

Miezi minne sasa resi hazijaanguka. Mwezi uliopita iliwaka taa nyingine, joto la maji, safari hii na 3. Nikamwita tena. Alianza na waya, akaukuta mzima. Akaifungua sensa, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka ya mama ntilie wa machimboni, mita mkononi. Nzima, ukizani wake wa umeme ungeshuka kutoka omu 2,000 na kitu hadi mia mbili hivi. Hii haikusogea hata kidogo. Nikatuma hela Dar siku hiyohiyo.