Land Rover 110 ya bodi bapa: cha kukagua kabla hujainunua Kigoma

Ukilitazama gari hili kwa ubavu unaona nyumba. Kioo cha mbele kimesimama karibu wima kama dirisha, boneti imelala kama meza, mlango wa nyuma ni mraba na paa limewekwa juu kama mfuniko wa sanduku. Mviringo wa maana ni mmoja tu, lile bega linalotoka mbele hadi nyuma chini ya madirisha, nalo lilianza kuwekwa kwenye Land Rover mwaka 1958. Kwa mnunuzi wa Kigoma umbo hilo si suala la kupenda au kutopenda. Ndilo linaloamua utamwita fundi gani, kwa kazi gani, na mara ngapi.

Tunalopima hapa ni Defender 110 yenye injini ya 300Tdi, iliyoanza kutoka mwaka 1994. Tumechagua hiyo kwa sababu pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta, na fundi wa Mwanga au Ujiji, hapa hapa mjini, anaifungua kwa spana za kawaida. Namba 110 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, sawa na milimita 2,794.

Karibu bodi yote ni aluminiamu: boneti, madigadi, paa, ngozi ya milango na boksi la nyuma. Chini yake kuna chasisi ya chuma, na mbele ya miguu ya dereva kuna ukuta wa chuma unaobeba kioo, bawaba za milango na pedali. Mpango huo ulianza mwaka 1948, wakati Uingereza bado inagawa chuma kwa kibali baada ya vita. Aluminiamu ilipatikana, na kiwanda hakikutaka gharama ya kalibu kubwa za kukandamizia mabati ya mviringo, hivyo mabamba yakakunjwa kwa vifaa rahisi. Faida ya uamuzi huo anaila fundi wa bodi mpaka leo. Digadi limeshikwa kwa bolti. Likivunjika unafungua unaweka jingine, au unakata bamba jipya, unalikunja kwenye ukingo wa meza ya chuma na kulifunga kwa ribiti za milimita 4.8. Mafundi wa madirisha ya aluminiamu mjini tayari wana bunduki ya ribiti, mkasi wa bati na bamba lenyewe. Waombe bamba la milimita 1.5, maana la dukani huwa laini kuliko la kiwandani na jembamba zaidi litabonyea kwa kiwiko.

Kunyoosha bonde ndiko kunakoharibu magari mengi. Fundi aliyezoea chuma akiona bonde anawasha gesi na kusubiri bati liwe jekundu. Aluminiamu haiwi nyekundu. Inayeyuka karibu na nyuzi 660 ikiwa bado na rangi yake ile ile, na kinachofuata ni tundu. Fanya hivi: kwangua rangi, paka sabuni ya kipande juu ya bonde, kisha pasha kwa moto mpole ukiuzungusha bila kuuacha mahali pamoja. Sabuni ikigeuka nyeusi, ondoa moto mara moja; bamba limelainika. Weka mfuko wa mchanga upande mmoja na gonga kwa nyundo ya mbao upande wa pili, ukianzia pembeni mwa bonde na kusogea taratibu kuelekea katikati. Ukianza katikati kwa nyundo ya chuma, bamba linatanuka, na bamba bapa likitanuka halina pa kwenda. Linavimba. Ukilibonyeza linaruka, tok. Ukiliachia linarudi, tok. Bamba la mviringo lina ugumu wake wa kujishikilia, lakini bapa linategemea mikunjo ya pembezoni tu, na ndiyo maana mkunjo ukishasawazishwa kwa nyundo ugumu wote unaondoka. Puti haitibu hilo. Itapasuka wiki chache tu za barabara ya vumbi yenye mikunjo.

Bodi bapa pia haifichi kitu. Jua la jioni likipita ubavuni linaonyesha kila wimbi, hata la kina cha milimita 1. Kwa hiyo gari lililowahi kugongwa lipake rangi isiyong'aa. Ukipaka ya kung'aa utakuwa umelipia kuonyesha kasoro. Na kabla ya rangi yoyote, msasa namba 180, futa kwa thina, kisha praima maalumu ya aluminiamu siku hiyo hiyo, maana utando unaojitengeneza juu ya aluminiamu haushikwi na praima ya chuma. Anayeruka hatua hiyo anaona rangi ikibanduka vipande vipande kama ganda la kitunguu.

Hadi hapo tunalisifu gari. Sasa kona.

Bamba bapa haliozi katikati, linaoza linapokutana na jingine. Chukua mlango. Ngozi yake ni aluminiamu, fremu ya ndani ni chuma, na ukingo wa chini wa ngozi umekunjwa kuikumbatia fremu. Maji ya mvua yanateleza kwenye kioo, yanashuka ndani ya mlango na kukaa katika mkunjo ule. Metali mbili tofauti zenye maji katikati zinafanya kazi kama betri, na inayoliwa ni aluminiamu. Piga goti, pitisha kidole chini ya mlango kuanzia bawaba hadi kitasa. Ukigusa rangi iliyovimba, ikwangue kwa ukucha. Ukitoka unga mweupe mkavu, bamba hapo limebaki kama karatasi na mlango huo unahitaji ngozi mpya. Hakikisha vitundu vya kutolea maji chini ya mlango viko wazi. Mara nyingi vimezibwa na rangi au tope.

Ugonjwa huo huo huletwa na fundi kila anapofunga bolti tupu ya chuma kwenye aluminiamu, kwa mfano akiweka keria au ngazi. Tumia ribiti za aluminiamu. Penye lazima ya bolti, weka washa ya plastiki na upake praima pande zote mbili. Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha: silikoni inayonuka siki isiguse gari hili. Ni nzuri kwa kioo cha dirisha la nyumba, lakini asidi yake huanzisha kutu ndani ya maungio uliyodhani umeyaziba. Iko isiyonuka, bei yake iko juu kidogo, nunua hiyo.

Ule ukuta wa chuma wa mbele ndio kipande cha kukufanya uondoke bila kununua. Angalia kona zake mbili za juu, pale chini ya kioo, kisha inua zulia na bonyeza sakafu ya miguu kwa bisibisi. Sakafu ikitoboka inachomelewa kiraka bila shida. Kona za juu zikioza, kioo na milango vyote vinapoteza mhimili, na kazi yake ni kuvua nusu ya gari.

Kwa Kigoma kuna mambo mawili ya pekee. Maji ya Ziwa Tanganyika si ya chumvi kama ya bahari, kwa hiyo gari lililoshinda Kibirizi likipakia dagaa lina hali bora kuliko lililozeeka Tanga. Lakini gari lililobeba chumvi ya Uvinza ni habari nyingine. Chumvi inapenya chini ya mikeka, inavuta unyevu hata kiangazi, na inamaliza boksi la nyuma na boriti ya mwisho ya chasisi kwa pamoja. Gonga boriti hiyo kwa nyundo ndogo kutoka kushoto hadi kulia. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti butu. Gonga vilevile ile mikono inayotoka ubavuni mwa chasisi kushika bodi. Jambo la pili ni mawese. Hayaozeshi chuma, ila yakimwagika mara kwa mara yanavimbisha na kulainisha raba za asili, na raba ya mlango wa nyuma inalegea mpaka haizibi tena.

Raba hiyo ina maana kubwa kwa sababu ya vumbi. Gari lililokatwa wima nyuma linaacha upungufu wa hewa mgongoni mwake linapokwenda, na vumbi lililotimuliwa na matairi linavutwa kurudi kwenye mlango wa nyuma. Abiria wa benchi za nyuma wanashuka wekundu kama matofali. Wengi hufungua madirisha ya nyuma ili wapumue, na hapo ndipo wanaponyonya zaidi. Funga yote ya nyuma, fungua vile vifuniko viwili vya hewa chini ya kioo cha mbele. Hewa ikiingia kwa nguvu kutoka mbele, msukumo wa ndani unazuia vumbi la nyuma. Raba nzima na vifuniko wazi vinapunguza vumbi sana, ingawa haviliondoi lote.

Kupima kama gari liliwahi kupinda ni rahisi kuliko kwa gari lolote la mviringo, maana mraba haudanganyi. Chukua tepu na pima ulalo wa tundu la mlango wa nyuma, kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha kinyume chake. Tofauti ikizidi milimita 5, uliza maswali. Fanya hivyo hivyo kwenye chasisi, kutoka shikio la springi ya mbele kushoto hadi la nyuma kulia, na upande wa pili. Kisha vuta uzi wa fundi ujenzi ubavuni, kuanzia digadi hadi kona ya nyuma. Fundi anayejua kupata pembe ya nyumba kwa 3, 4 na 5 hahitaji mafunzo mengine.

Vioo ni faraja. Kioo cha mbele ni bapa, hivyo kikivunjika fundi kioo anakata kingine kutoka bamba la milimita 6.38 la kioo cha tabaka mbili zilizogandishwa pamoja. Mwenye gari la kioo cha mviringo anasubiri kifike kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na aombe kisivunjike njiani. Vya ubavuni vya kiwandani vimekazwa kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla, havikatiki. Badala yake weka cha tabaka mbili, usikubali kioo cha dirisha cha kawaida kwa sababu kinavunjika kwa vipande virefu vyenye makali.

Barabarani, uso wima unagharimu. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo ukitoka kilomita 80 kwenda 100 kwa saa unaongezeka kwa zaidi ya nusu, na injini hii ya sentimita za ujazo 2,495 ina nguvu farasi 111 tu. Ukibaki kati ya 70 na 80, tegemea lita 10 hadi 12 kwa kilomita 100. Bega la dereva linabanwa na mlango, na kona ya U inataka uwanja. Kwa upande mwingine, ukiwa umekaa unaziona kona zote mbili za mbele, jambo linalosaidia mno kwenye vichochoro vya soko na kwenye daraja la mbao la magogo mawili. Sakafu ya nyuma bapa inapokea madumu ya lita 20 bila kuacha nafasi za bure, isipokuwa kati ya maboksi ya matairi ambako upana haufiki mita 1. Kuhusu injini neno ni moja: badilisha mkanda wa taimingi siku uliyonunua, vyovyote asemavyo muuzaji.

Na Land Cruiser mkonga? Nayo ni ya kona tangu 1984, ila kona zake zimekandamizwa kiwandani na mabati yake ni chuma. Inaziba vumbi vizuri zaidi, injini yake ya 1HZ haichoki upesi, na kwa anayepaswa kufika Kibondo wakati wa masika bila fundi wa karibu, tungemshauri mkonga bila kusita. Anayekaa na gari lake miaka mingi, mwenye fundi anayemwamini na asiyeogopa ribiti, 110 itamla muda zaidi kidogo, lakini pesa kidogo sana za vipuri vya bodi.

Kabla ya kutoa pesa, fanya jaribio la maji. Aliyewahi kutunza tembe anajua kwamba paa bapa huvuja linapokutana na ukuta. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji kwa mpira akianzia chini ya kioo na kupanda polepole hadi kwenye paa, dakika tano kila mahali. Ukianzia juu maji yatateremka kote na hutajua yalikoingilia. Yakitokea juu ya pedali, ni raba ya chini ya kioo au ya vifuniko vya hewa, zote hubadilishwa. Yakitokea kwenye mishono ya paa, ribiti zimelegea. Toboa, piga mpya zilizopakwa kizibio. Yakiingia kwenye kona ya juu ya mlango, fremu ya dirisha imepinda kwa nje. Fungua mlango, shika fremu kwa juu, weka goti kwenye bamba la ndani na uvute kuelekea ndani kidogo kidogo. Funga, pima kwa kipande cha karatasi kwenye raba, na rudia mpaka karatasi ibanwe sawasawa pande zote.