Kujitanda mtandio au kuacha kichwa wazi: mawaziri wawili ugenini

Desemba 2016 Ursula von der Leyen, wakati huo waziri wa ulinzi wa Ujerumani, alifika Riyadh na suti yake ya suruali, kichwa wazi, bila abaya. Miezi miwili baadaye Ann Linde, waziri wa biashara wa Uswidi, alikuwa Tehran, mtandio kichwani.

Lawama zilimwangukia zaidi Linde, maana serikali yake ilijinadi kwa sera ya nje ya kutetea wanawake. Mimi namtetea. Nchini Iran kufunika nywele si desturi tu, ni sheria, na Mkataba wa Vienna wa 1961, ibara ya 41, unawataka wanadiplomasia waheshimu sheria za nchi mwenyeji. Wanawake wa msafara wangegoma, ungebaki wa wanaume peke yao, na sijui nani kati yao angekumbuka kuwasemea wanawake mezani.

Von der Leyen alikuwa na nafasi pana. Saudi Arabia haikuwalazimisha wageni wa ngazi yake kufunika kichwa. Michelle Obama alikwenda vivyo hivyo mwaka 2015, na Theresa May, wakati huo waziri mkuu wa Uingereza, mwaka 2017.

Kinachoniuma ni kwamba mgeni huvua mtandio akishapanda ndege; mwanamke wa Iran hana nafasi hiyo. Mahsa Amini, binti wa miaka 22, alikamatwa Tehran Septemba 2022 kwa sababu ya hijabu yake, akazimia akiwa mikononi mwa polisi na kufia hospitalini. Kwa hiyo waziri akijitanda Tehran, namtaka pia alitaje jambo hili waziwazi mbele ya wenyeji wake.