Matairi ya 4x4 kwa Nyanda za Juu Kusini: lipi la kununua, na litadumu kilomita ngapi

Seti ya matairi inaweza kufika kilomita 70,000 kwa mtu ambaye safari zake ni lami tupu, Mbeya kwenda Makambako na Iringa, na seti ya aina hiyohiyo ikaisha kabla ya 30,000 kwa anayeshinda kwenye changarawe za Ludewa au vijiji vya Chunya. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, piga hesabu ya mwezi mmoja: lami kiasi gani, vumbi kiasi gani, na mzigo gani nyuma. Hesabu hiyo ndiyo inayochagua tairi. Mwonekano wa kashata, yaani meno ya mpira yanayokanyaga barabara, usubiri.

Huku kwetu tairi la 4x4 mara nyingi halisubiri kuisha kashata. Linakufa kwa ubavu. Greda ikipita, mawe yaliyokuwa yamefukiwa yanaibuka na ncha zake juu. Ukikutana na lori kwenye njia nyembamba ukashuka pembeni, ubavu ndio unaokula jiwe. Ubavu uliochanika hauzibwi, hata fundi akikuahidi vipi, kwa sababu sehemu hiyo hujikunja kila gurudumu linapozunguka na kiraka hakishiki. Muuaji wa pili ni joto. Tairi lenye upepo mdogo, gari limejaa viazi, unapanda Kitonga: ubavu unajikunja kupita kiasi, mpira unachemka kwa ndani, nyuzi zinaanza kuachana. Huwezi kuliona siku hiyo. Utaliona wiki mbili baadaye uvimbe ukitokeza, au tairi likipasuka kwenye lami.

Kwa kuzingatia hayo, mpangilio wetu ni huu.

La kwanza: A/T lenye herufi LT

A/T ni tairi la barabara zote. Herufi LT kwenye saizi, kwa mfano LT265/65R17, zinaonyesha kuwa limejengwa kwa gari la mzigo, na mara nyingi nguvu yake ni ya plai 10, yaani kama ya tabaka kumi za nyuzi. Kwa Hilux, Prado, Patrol au Land Cruiser inayogawana lami na changarawe nusu kwa nusu, hili ndilo la kununua, hata kama bei inauma. Tarajia kilomita 45,000 hadi 60,000. Likiwa jipya kashata zake huwa na kina cha milimita 10 hadi 13, na ubavu unavumilia jiwe ambalo lingemaliza tairi jepesi.

BFGoodrich All-Terrain KO2 imekuwa ikiuzwa Marekani kwa dhamana ya maili 50,000, yaani kama kilomita 80,000. Usiibebe namba hiyo hadi Makete. Ni hesabu ya barabara zao. Yokohama Geolandar A/T hutoka kwa LT na kwa aina nyepesi, na kwa mbali zinafanana, kwa hiyo soma saizi yote ubavuni na usitosheke na jina.

Gharama ya LT ni uzito. Gari linakuwa gumu kidogo kwenye matuta na mafuta yanaongezeka kidogo. Pia, upepo ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva umepangwa kwa tairi lililokuja na gari. Tairi la LT hubeba uzito mdogo kuliko tairi la kawaida kwa upepo uleule, kwa hiyo gari likipakia, ongeza psi (kipimo cha upepo) 5 hadi 8 juu ya namba ya kibandiko, bila kuvuka kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni. Wengi wananunua tairi imara kisha wanaliua kwa kulijaza upepo wa tairi jepesi.

La pili: H/T, kwa anayeishi kwenye lami

Kama kilomita zako nane kati ya kumi ni lami, Uyole hadi Tukuyu na Kyela, au Iringa hadi Mafinga, A/T nzito ni hasara. H/T, tairi la barabara kuu, hufika kilomita 60,000 hadi 80,000, ni kimya, na kwenye lami yenye maji hufunga breki vizuri kuliko lenye kashata kubwa. Hilo si jambo dogo kwa mvua na ukungu wa Uporoto. Bridgestone Dueler H/T ni mfano unaopatikana kwa urahisi. Udhaifu wake ni ubavu mwembamba na mifereji inayojaa tope haraka. Ukienda nalo njia mbaya, nenda polepole.

La tatu: A/T nyepesi

Hili ni la RAV4, Forester, X-Trail na Escudo. Magari haya hayahitaji plai 10. Uzito wa ziada utayachosha shokapu na bushi bure. Kilomita 40,000 hadi 55,000 ni matarajio ya haki. Ila kwa gari ambalo 4x4 yake inafanya kazi muda wote au hujiwasha yenyewe, matairi yote manne lazima yawe saizi moja, aina moja, na kina cha kashata kisipishane zaidi ya milimita 2. Tairi jipya moja kati ya matatu yaliyokwisha lina mzunguko mkubwa kuliko wenzake, hivyo difu na klachi ya kati vinakuwa vinafanya kazi hata barabara ikiwa nyoofu. Umeokoa bei ya matairi matatu, umenunua gereji.

La nne: M/T

Tairi la tope, lenye kashata kubwa zilizoachana. Kilomita 25,000 hadi 40,000, na kwenye lami huisha upesi zaidi. Lina kazi yake ya kweli: udongo mweusi wa Usangu wakati wa mvua, njia za magogo Mufindi, mashamba ambayo Januari hadi Aprili hayaingiliki kwa tairi jingine. Hapo A/T hujaa udongo ikawa laini kama andazi, wakati M/T inautupa. Nje ya kazi hiyo, linanguruma, linakula mafuta, na breki zake kwenye lami yenye maji ni dhaifu. Kulivalisha gari la mjini kwa ajili ya sura tu ni kujiweka hatarini wewe na watembea kwa miguu wa Mwanjelwa.

La mwisho: mtumba

Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likawa limekufa, kwa sababu mpira huzeeka hata ukiwa umelala stoo. Hatulipendekezi kwa gari linalobeba watu kwenye milima hii. Bei nayo hudanganya. Chukua mfano: tairi jipya la shilingi 480,000 likidumu kilomita 60,000 limekugharimu shilingi 8 kwa kilomita. Mtumba wa 180,000 ukidumu 15,000 umekugharimu 12, bila kuhesabu siku uliyolala njiani.

Kabla ya kulipa

Tafuta neno DOT ubavuni, ufuate mpaka namba nne za mwisho. 3524 ni wiki ya 35 ya mwaka 2024. Namba hizo nne mara nyingi ziko ubavu mmoja tu, kwa hiyo geuza tairi, na mwambie fundi aufunge upande huo nje ili uweze kuusoma baadaye. Lililozidi miaka miwili dukani, omba lingine au punguziwa bei. Lililoanikwa juani nje ya duka, likunje kwa mkono uangalie katikati ya kashata: nyufa nyembamba zikionekana, liache. Kuanzia miaka mitano likaguliwe kila mwaka. Likifika kumi tangu kutengenezwa, litupe hata kama halijatembea.

Kisha soma namba ya mzigo inayofuata saizi. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 115 ni kilo 1,215, 120 ni kilo 1,400. Usishuke chini ya namba ya tairi lililokuja na gari.

Nunua matano, si manne, kama mfuko unaruhusu. Ukiyazungusha yote matano pamoja na spea kila kilomita 8,000, yanaisha kwa pamoja, na spea haitakuwa kitu kigeni siku utakayoihitaji Kitulo.

Kulifanya lifike mwisho wake

Pima upepo asubuhi, kabla gari halijatembea. Joto likishuka nyuzi 10, upepo hushuka karibu psi 2. Ukijaza Usangu saa nane mchana kisha ukaamkia kwenye baridi ya Makete ya Julai, psi 4 zinaweza kuwa zimepotea bila pancha yoyote.

Kwenye changarawe ndefu, shusha upepo kwa takriban asilimia 20, kwa mfano kutoka 34 hadi 27, na usizidi kilomita 60 kwa saa. Tairi laini hulilalia jiwe. Tairi gumu hulipasukia. Kwenye tope zito, 18 hadi 20, mwendo wa kutambaa. Ukirudi kwenye lami jaza tena kabla ya kuongeza mwendo. Pampu ndogo ya betri na kipimo kizuri cha upepo havina budi kukaa ndani ya gari.

Hilux na Land Cruiser za kazi: toa 4x4 mara tu unapogusa lami kavu. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa kwenye kona, na tofauti hiyo inalipwa na kashata.

Kujua limebaki muda gani, chomeka kijiti cha kibiriti kwenye mfereji wa katikati, weka alama kwa kucha, kipime kwa rula. Tuseme lilianza na milimita 11 na utalitoa likiwa 3: una milimita 8 za kutumia. Kama kilomita 10,000 zimekula 1.5, litakupeleka kama 53,000. Alama za ndani ya mifereji zinazoonyesha mwisho ziko kwenye 1.6, lakini kwa mvua zetu toa likifika 3, na kwa tope 5. Pima kingo pia. Ukingo mmoja ukiisha kabla ya katikati, alaimenti imekimbia au boljointi imechoka. Kashata zikiwa na mabonde mabonde, angalia shokapu. Tengeneza hilo kwanza, ndipo ununue, la sivyo seti mpya itafuata njia ileile.

Pancha ya katikati ya kashata izibwe kwa ndani, tairi likiwa limetolewa kwenye rimu. Kamba ya kuchomeka ikufikishe kwa fundi tu. Usikubali kuwekewa tyubu ndani ya tairi lisilo la tyubu: vinasuguana, vinachemka, na tyubu ikipasuka upepo unatoka wote mara moja. Magurudumu yakisharudishwa, kaza nati kwa spana ya mkono baada ya kilomita 50 hadi 100, ukiruka kutoka nati moja hadi iliyo mkabala nayo, gari likiwa limesimama chini na si juu ya jeki.