TEEMP: nimeijaribu kwa njia ya Kimara, dereva wa DCM akanisahihisha

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta: bure. Ni faili la Excel, hulipii kitu, na limefunguka kwenye laptop yangu ambayo betri yake ilishakufa na inaishi kwa waya. Kwa kazi ambayo watu wanatoza mamilioni, hilo peke yake nalipatia nyota mbili.

Kwa asiyeijua, TEEMP ni mkusanyiko wa majedwali ya kukadiria mradi wa usafiri utapunguza au kuongeza gesijoto (hewa ukaa na wenzake) kiasi gani. Ilianzia Asia, kwa mikono ya mashirika ya Clean Air Asia na ITDP, wakati Benki ya Maendeleo ya Asia ilipokuwa inapima miradi yake yenyewe mwaka 2010. Baadaye ikarekebishwa kwa miradi ya GEF, ule mfuko wa mazingira wa dunia. Kuna jedwali la mabasi yaendayo haraka, la reli, la barabara, la njia za baiskeli. Mimi nimekaa na la mabasi siku tisa. La barabara nimelifungua jioni moja tu, kwa hiyo silisemei.

Nililihitaji kwa sababu nilipewa ripoti niihakiki. Mwenye ripoti simtaji, na mji alioupimia pia siutaji, ila ni mradi wa mabasi kama mwendokasi yetu na tani za hewa ukaa zilizookolewa zilikuwa nyingi mno, zimepangwa hadi nukta mbili za desimali. Nukta mbili! Mtu anayejua abiria wa miaka 20 ijayo kwa kiwango hicho angekuwa anacheza mkeka, asingekuwa anaandika ripoti. Nikaamua nijifunze chombo chenyewe kwanza, kwa njia ninayoijua kama kiganja changu: Kimara mpaka Kariakoo.

Ndani hakuna uchawi. Ni ile hesabu ya Lee Schipper, mwanafizikia wa Marekani, ambayo wenye fani wanaiita ASIF: watu wanasafiri kiasi gani, kwa chombo gani, chombo kinakunywa kiasi gani, na kinakunywa nini. Unazidisha. Unafanya mara moja kwa mji wenye mradi, halafu kwa mji uleule usio na mradi, unatoa. Taabu iko hapo kwenye mji usio na mradi, maana haupo. Dar isiyo na mwendokasi tuliiacha Mei 2016, na hakuna anayeweza kwenda kuihesabia magari leo.

Usipokuwa na takwimu, TEEMP inakupa za kuanzia. Ni wema, na ni mtego. Zile namba zimezaliwa kwingine, na chombo cha Manila hakinywi mafuta kama DCM, lile basi la daladala, likiwa limesimama Manzese injini ikinguruma, konda akigombania abiria wa mwisho. Basi nikampigia baba. Baba aliendesha DCM ya Kimara–Kariakoo miaka mingi kabla njia haijafungwa kwa daladala.

"Shikamoo baba. Ile gari ilikuwa inakula lita ngapi kwa siku?"

"Marahaba. Ya nini tena? TRA?"

"Hapana baba, kazi."

"Alfajiri naweka lita 40. Nikishapiga tripu sita kwenda na sita kurudi, taa imewaka, hesabu ya tajiri iko mfukoni, nakwenda kulaza."

Kwa umbali wa kilomita kama 14, hiyo ni lita 3.3 kwa kila safari moja. Dizeli ikiungua inatoa takriban kilo 2.68 za hewa ukaa kwa lita, kwa hiyo safari ile ni karibu kilo 9. Nikamuuliza walikuwa wanapanda wangapi. Akacheka. "Siti au watu?" Tukakubaliana 40. Inakuja gramu 223 kwa kila kichwa.

Sasa lile basi refu la mwendokasi. Tuseme linakunywa lita 8 kwa umbali uleule na limebeba watu 140, yaani ile saa moja asubuhi ambayo hata kukohoa unaomba nafasi. Ni gramu 153 kwa kichwa. Umeokoa gramu 70 kwa kila aliyetoka kwenye daladala. Basi lilelile saa tano likiwa na watu 50 linatoa gramu 429 kwa kichwa, na hapo DCM ya baba iliyojaa inalishinda kwa mbali. Na sasa mchukue jamaa aliyekuwa anakwenda mjini peke yake na gari dogo la petroli, lita moja kwa kilomita 10: kilo 3.2 nzima kwa safari. Yeye akiliacha gari na kupanda basi lililojaa, umeokoa sawa na abiria wa daladala zaidi ya 40.

Nilirudia hesabu hiyo mara tatu nikidhani nimekosea. Maana yake ni kwamba mradi mzima, zege, vituo, mabasi na vyote, kwa upande wa hewa ukaa unaning'inia kwenye kisanduku kimoja cha jedwali: asilimia ngapi ya abiria wametoka kwenye magari yao binafsi. Ukiweka 2 unapata jibu moja. Ukiweka 20 unapata tani za kupigia picha na waziri. Nikarudi kwenye ile ripoti, ukurasa wa 61. Ilikuwa 20, na hapakuwa na mstari hata mmoja wa kueleza imetoka wapi.

Hapo ndipo ninapoipenda TEEMP kuliko programu nyingine nilizoonyeshwa, zile zinazokupa mchoro mzuri wa rangi na kuficha jiko. Hapa kisanduku kiko wazi, unakiona, unakibadilisha, unaona jumla inavyopanda na kushuka. Mwongo anaweza kuitumia, lakini anaacha nyayo.

Nikaenda Kimara Mwisho na binti mmoja wa mazoezi pale ofisini, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukawa tunauliza waliopo kwenye foleni: kama mwendokasi isingekuwepo, leo ungefikaje? Wa kwanza akauliza kama tunataka kupandisha nauli. Wa pili: "Daladala, kwani nina lingine?" Tukaandika daladala, daladala, boda mpaka Mbezi, daladala. Mama mmoja mwenye kapu la vitumbua akafikiri kidogo, akasema, "Nisingekwenda. Ningeuzia hapahapa." Yule ni safari mpya, jedwali linalojaza abiria wote kama waliohama kutoka mahali fulani linamsingizia mama wa vitumbua gari ambalo hana. Katika watu 30 wa mwanzo, mwenye funguo za gari alikuwa mmoja. Thelathini si utafiti, najua. Ilitosha kunionyesha kwamba 20 haifanani na foleni hii.

Swali lile si uvumbuzi wangu. TransMilenio ya Bogotá, mradi wa kwanza wa aina hii kusajiliwa katika soko la kaboni (la kuuza tani zilizopunguzwa) la Itifaki ya Kyoto mwaka 2006, ulibanwa na utaratibu unaoitwa AM0031: lazima uwaulize abiria wenyewe, kwa dodoso, wangesafiri kwa nini. Utaratibu uleule ulidai pia uangalie mabasi na teksi zilizobaki nje zinakwenda zikiwa na watu wangapi. TEEMP ni nyepesi kuliko hapo, na wepesi huo ndio kasoro yangu kubwa nayo. Daladala za Morogoro Road hazikufa, zilihamishwa. DCM aliyokuwa akiendesha baba ilikwenda njia ya Goba, ikaendelea kunywa. Jedwali ukiliambia abiria wamehama, linakupa akiba. Gari lililohama bila abiria wale itabidi ulifuate mwenyewe kwa kalamu.

Mengine kwa kifupi. Lugha ni Kiingereza tupu. Mahali pa kujaza saruji, chuma na lami za ujenzi papo, na pajazwe, watu huparuka. Kwa vyombo vya umeme tafuta takwimu mpya za gridi (umeme wa taifa unatoa hewa ukaa kiasi gani): treni ya umeme ya Dar–Dodoma imeanza 2024, mwaka uleule mitambo ya kwanza ya bwawa la Nyerere ilipoanza kuzalisha, na namba ya zamani ya gridi yetu itakudanganya. Na hifadhi nakala safi kabla hujagusa chochote. Mimi siku ya pili nilifuta fomula kwa kidole changu mwenyewe, nikashinda nashangaa kwa nini Kimara haina hewa ukaa.

Jumla nyota tatu na nusu. Ningetoa nne kama ingegoma kutoa jibu mpaka uandike chanzo cha kila namba.

Ripoti niliirudisha na majibu mawili, la 20 na la 3. Jioni baba akapiga, anataka kujua alikuwa anachafua kiasi gani. Nikamwambia kilo 107 kwa siku, ukiwa umebeba watu 480. Akanyamaza kidogo.

"Na yule wa Prado aliyekuwa ananipigia honi pale Ubungo, yuko mwenyewe?"

Nikafungua laptop.